Kibundi wa mkarafuu wa Bibi

Mimi ndiye niliyemtaja bundi, si mtu mwengine. Nilikuwa na miaka 11, msimu wa karafuu wa mwaka 1986, na ng'onda wa Bibi walikuwa wamepungua kwa usiku wa tatu mfululizo.

Kijiji chetu kipo baina ya Konde na Tumbe, kaskazini mwa Pemba. Bibi akinunua samaki Tumbe, akiwapasua, akiwatia chumvi na kuwaanika kwenye uchanja nyuma ya nyumba. Msimu wa karafuu ndio uliokuwa mavuno yake hasa, kwa sababu mchumaji aliyeshinda juu ya mkarafuu akishuka anataka kitoweo, na ng'onda haozi. Mchana niliulinda uchanja mimi na fimbo yangu. Usiku waliokauka waliingizwa ndani, na wale ambao bado wana maji waliachwa nje wapigwe na upepo, maana ukiwarundika ndani wabichi wanavunda wote.

Asubuhi ile Bibi alisimama mbele ya uchanja akihesabu kwa kidole. Changu wawili hawapo. Kibua mmoja kimebaki kichwa.

"Ni bundi huyo," nikasema. "Yule anayelia kwenye mkarafuu. Mjomba kasema wapo bundi wanaokula samaki."

Na kweli Mjomba alisema. Wiki moja kabla yake, baada ya sala ya isha, tulikaa barazani naye akatuhadithia habari za Rufiji. Ujanani mwake alikuwa baharia wa majahazi yaliyokwenda delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Safari moja walikuta mzigo haujawa tayari, wakakaa siku nyingi, na yeye akapanda mto na mvuvi mmoja mpaka mbali juu, mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki tena na mikuyu mikubwa imeinamia mto. Huko ndiko alikomuona. Babewana hasa, alisema, mkubwa kuliko jogoo, rangi ya kutu, macho meusi tititi. Anakaa tawi la chini usiku kucha, anatazama maji yaliyotulia. Samaki akitikisa uso wa maji, bundi anajiachia, miguu mbele, anamkwapua perege au kambale na kurudi naye tawini, kifua kikavu.

"Hapigi mbizi," Mjomba alisisitiza. "Anachota tu, kama mtu anavyochota kitu kwenye beseni."

Alituambia pia kwamba bundi yule akiruka unamsikia. Mbawa zinavuma kama kanga inayokung'utwa. Na akiita, sauti yake ni ya tumboni, nzito, unaweza kuisikia na wewe uko kona ya pili ya mto. Kulipokucha siku moja walimkuta mmoja kanasa kwenye wavu wa yule mvuvi. Wakati wanamnasua, Mjomba alimshika miguu. Ilikuwa mitupu, haina unyoya, na nyayo zake zilikwaruza kiganja mfano wa ngozi ya papa. "Samaki anateleza," alisema, "na yeye kapewa miguu ya kumzuia."

Mimi katika hadithi yote ile niliondoka na jambo moja tu, kwamba bundi anakula samaki. Na bundi tulikuwa naye. Alikaa kwenye mkarafuu mkongwe ulioota karibu na kisima, na kila usiku aliita: hu. Kisha kimya kidogo. Hu. Mara nyengine mwenzake alimuitikia kutoka kwenye mshelisheli upande wa pili wa nyumba, wakaendelea hivyo, mmoja huku mmoja kule, mpaka usingizi unichukue. Bibi hakumpenda. Kwetu, kama ilivyo pwani nzima, bundi akilia karibu na nyumba watu wanaulizana nani mgonjwa. Bibi alikuwa akitia chembe za chumvi kwenye makaa kila anapomsikia, zikawa zinapasuka pa! pa! naye ananong'ona dua yake. Kwa hiyo nilipomtaja mwizi, nilimtaja aliyekwishahukumiwa.

"Mtegeeni," Bibi akamwambia Mjomba.

"Mama, mie yule wa Rufiji ni…"

"Bundi ni bundi."

Bibi alikuwa mama yake, na Mjomba hakuwa mtu wa kujibizana na mama yake. Alasiri alitoa kimia kikuukuu kilichokuwa kikining'inia stoo, akakitandaza juu ya miti minne kuuzunguka uchanja, kikalegea pembeni kama chandarua. Mimi nilifunga vishipi. Nilifunga kwa bidii sana, nakumbuka, nikavuta kila fundo kwa meno.

Baada ya isha tulikaa chini ya ukuta wa jiko. Mjomba alitundika kandili kwenye mti mmoja wa uchanja, moto chini kabisa, ili tumuone mwizi akija. Harufu ya karafuu mbichi zilizorundikwa ukumbini zikisubiri kuchambuliwa ilichanganyika na ya ng'onda. Mtu asiyezaliwa kwetu labda angeikimbia harufu hiyo. Mimi hata leo nikiipata mahali nasimama.

Bundi aliita mara nyingi, kisha akanyamaza. Nondo walikuwa wameanza kuizunguka kandili, na panzi wawili watatu wakarukia nguzo yenye mwanga. Halafu kitu kikapita. Sina neno bora zaidi ya hilo. Kivuli kilikatiza mbele ya mwanga, kikapotea gizani, na nondo mmoja hayupo. Hatukusikia lolote, hata pumzi ya upepo.

Mjomba alinishika bega. "Umesikia kitu?"

"Sikusikia."

"Mie pia." Akakaa kimya muda mrefu. "Yule wa Rufiji ungemsikia, mjomba."

Nilitaka kumuuliza ana maana gani lakini kivuli kilikuwa kimerudi, safari hii chini zaidi, kikielekea kwenye panzi aliyetua juu ya nyuzi za kimia, na kimia kikatikisika.

Tulikimbia. Mjomba alishika kandili, akaongeza utambi, akaniambia nimkinge ndege kwa kitambaa asijiumize zaidi. Nilivua shati, nikamfunika, nikamshika kwa mikono miwili. Alikuwa mwepesi kupita kiasi. Nilijiandaa kushika mnyama mzito mwenye kucha za kutisha, na mikononi mwangu kikawepo kidege kisichozidi shibiri, chenye joto, moyo ukidunda haraka hata siwezi kuyahesabu mapigo. Rangi yake ilikuwa ya hudhurungi nyekundu, karibu ya karafuu iliyokauka vizuri. Macho yake yalikuwa ya manjano, mapana, yakinitazama mimi na si kandili. Mdomoni alikuwa bado ameshika mguu wa panzi. Mguu mmoja tu, wenye miiba yake midogo, umekwama pembeni mwa mdomo.

"Nipe miguu," Mjomba akasema.

Nilifunua shati chini. Aliinama karibu kabisa, kandili ikamuunguza nywele kidogo za mkono wala hakuitoa. Akapitisha kidole gumba chini ya unyayo wa yule ndege, taratibu, kama anayepima ukali wa wembe. Akapitisha tena.

"Laini," akasema. Akapandisha kidole. "Na manyoya yameshuka mguuni. Huyu aingie majini kwa mguu huu? Samaki gani atamshika? Changu wa mama ana uzito kuliko yeye." Kisha akanitazama, na sauti yake haikuwa ya kunikaripia, ndiyo maana iliniingia. "Mjomba, mie nilikuhadithia ya Rufiji. Sikukuhadithia ya hapa."

Uzi wa kimia ulikuwa umemzunguka bawa la kushoto mara tatu. Fundo mojawapo lilikuwa langu. Mjomba alikata kwa ncha ya kisu, uzi mmoja mmoja, na kila alipokata ndege alibofya mdomo: tak, tak. Manyoya mawili marefu ya bawa yalivunjika, na pale kwenye kiungo palikuwa na damu kidogo. Bibi alitoka na kanga yake kichwani, akasimama mbali.

"Ndiye?"

"Siye, mama. Huyu anakula panzi."

Bibi alisogea, akautazama ule mguu wa panzi. Hakusema kitu. Alirudi ndani, akatoka na kikombe cha maji, akampa Mjomba amsafishe lile bawa.

Tulimpeleka kwenye mkarafuu. Mjomba alinibeba mabegani, nikamweka kwenye panda ya tawi, ndani ya majani. Hakuruka. Alijibana kwenye gome, akajinyoosha akawa mwembamba, macho akayafumba yakabaki ufa. Sekunde chache baadaye, kama nisingejua nilipomweka, nisingemuona.

Alfajiri ng'onda mwengine alikuwa hayupo, na kwenye majivu yaliyomwagwa karibu na jiko palikuwa na nyayo za paka. Paka shume, mkubwa. Hakuna zaidi la kusema juu yake.

Nilikuwa mwalimu tayari nilipoanza kuwasoma bundi hawa wawili, na kila nilichokisoma kilinirudisha chini ya ule uchanja. Wa Rufiji wataalamu wanamwita Scotopelia peli, jina alilopewa mwaka 1850 kwa heshima ya Pel, Mholanzi aliyekuwa mtumishi wa serikali yao kule Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo. Ana urefu wa sentimita 60 hivi na uzito wa kilo 2. Mjomba hakuongeza chumvi. Miguu mitupu ni kweli, unyoya uliolowa ungemlemea. Nyayo za kukwaruza ni kweli, ziko mfano wa miiba midogo. Ile sauti ya tumboni inafika kilomita 3 usiku ukiwa mtulivu. Na mvumo wa mbawa nao ni kweli, na hapo ndipo nilipoweka kitabu chini nikakaa. Bundi wengi wana kingo laini kwenye manyoya ya mbawa, kama nyuzi za pindo, zinazoua sauti ili panya asishtuke. Huyu kingo hizo hana. Samaki anayewindwa yuko ndani ya maji, hamsikii anayekuja hewani. Huzaa maji yanapopungua na kutakata, samaki wakiwa wamebanana. Hutaga yai moja au mawili ndani ya shimo la mti mkubwa, lakini kwa kawaida hulea kinda mmoja tu, na kinda huyo huendelea kulishwa miezi mingi hata baada ya kujua kuruka. Mto bila ya miti mikubwa haumfai. Unguja na Pemba hayupo.

Na wetu? Wetu hayupo popote isipokuwa Pemba. Unguja iliwahi kuungana na bara, lakini Pemba imetengwa na mkondo wenye kina kirefu kwa zama nyingi sana, na kibundi huyu akabaki na sisi peke yetu. Aliandikwa kwa mara ya kwanza kitaalamu mwaka 1937 na Pakenham, Mwingereza aliyekuwa mtumishi wa serikali ya Zanzibar, akapewa jina Otus pembaensis. Wapo wenye rangi hafifu zaidi na wapo wekundu kama yule niliyemshika. Msitu wa Ngezi, kaskazini mwa Pemba, ndiko watu wanakopelekwa kumtafuta, lakini anaishi pia kwenye mikarafuu, anakula wadudu, na hataki kitu kwetu zaidi ya shimo la mti mkongwe. Ninaumia kila ninaposikia mtu kamrushia jiwe. Nimekwenda skuli nyingi za kaskazini kuwaambia watoto jambo hili, na kila mara nawaonesha shibiri yangu kwanza, ndio wajue ukubwa wake.

Usiku uliofuata, kule mwaka 1986, kulikuwa na sauti moja tu, kutoka kwenye mshelisheli. Hu. Ikasubiri. Hu. Mkarafuu haukujibu. Nililala chini ya dirisha nikiwa macho. Usiku wa pili vilevile, wa tatu vilevile. Asubuhi nilizunguka chini ya mkarafuu nikitafuta manyoya na nikiomba nisiyaone. Mjomba alikikunja kimia akakirudisha stoo bila ya kunituma nifungue mafundo, akayafungua mwenyewe.

Niligundua kuwa Bibi hakuwa akitia chumvi motoni tena. Alikuwa akikaa kitandani, tasbihi mkononi, na kila ile sauti moja ilipoita, tasbihi ilisimama.

Usiku wa sita mvua ilinyesha kidogo baada ya magharibi, ikakatika. Mshelisheli ukaita. Nikahesabu kama nilivyozoea kuhesabu, moja, mbili, tatu. Ikaita tena. Na kutoka kisimani, ndani ya mkarafuu, dhaifu kidogo, kikajibu kitu.

Nilishika pumzi. Kikajibu tena.

"Mwenzake kaja," Bibi akasema gizani, akageukia ukutani akalala.