Kwa Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12-17

Wapendwa, Bwana asifiwe. Niliwatangazia kwa kishindo kwamba ibada ya vijana tungeifanyia kwenye kilele cha Koitobos, kule Mlima Elgon, mita 4,222 juu. Hatukufika. Na kwa kuwa mmeniuliza sana, habari yenyewe ni hii.

Sisi ni watu wa Kisumu, miguu yetu imezoea tambarare. Jumamosi alfajiri tulitoka lango la Chorlim, kule Endebess, watu tisa, mbali na kiongozi wa njia na askari mwenye bunduki, maana nyati wa Mlima Elgon hawaulizi dhehebu. Jua lilikuwa tupu. Tukapita msituni, mbega wakituchungulia, tukaingia kwenye mianzi, unga na omena mgongoni. Mimi nilikuwa mbele. Mimi huwa mbele.

Saa nane mchana wingu likashuka. Si ajabu pale: jua likishapasha joto, hewa yenye unyevu, mwingine wa ziwani kwetu, hupanda na mteremko, ikapoa, ikawa ukungu na mvua kabla ya jioni. Siku ile tulipewa vyote: mvua ya mawe, upepo, jua la dakika kumi lililotudanganya tukavua makoti, kisha mvua tena. Kiongozi akasimama. "Mzee, tupige kambi hapa." Nikamwambia imebaki saa mbili tu tufike mahali tulipopanga. Akanijibu, "Mimi nimezaliwa huku, na kwa ukungu huu ningepotea." Nilikasirika, niseme ukweli. Nilikuwa nimeshatangaza mimbarini.

Ni wakati wa kufunga hema ndipo nilipogeuka nikahesabu watu. Tulikuwa wanane. Kijana wetu wa kidato cha pili, mdogo kuliko wote, aliingia dakika ishirini baadaye, mkoba wake umebebwa na askari, sweta inachuruzika maji. Nikampa chai ya tangawizi. Kikombe kikawa kinagonga meno yake, chai ya moto ikammwagikia mkononi, naye hakuuondoa mkono. Hapo ndipo nilipoogopa. Mama mmoja wa kwaya akanisogeza kando, akawaamuru wavulana wamvue zile nguo mbichi, akatoa leso zake kavu wamfunge, wakamtia kwenye mfuko wa kulalia na wawili wakalala wamembana huku na huku. Ilipita karibu saa nzima kabla hajaanza kulalamika njaa. Sijawahi kusikia lalamiko tamu vile.

Usiku ndugu mmoja akatukumbusha lile wingu la Hesabu 9, ambalo Israeli walipiga kambi kila lilipotua. Niliitikia amina kwa mdomo. Lakini mimi lililonikaa moyoni ni Mwanzo 33. Esau amekuja na watu mia nne, wote wanaume, hakuna anayenyonyesha. Anamwambia ndugu yake, haya, twende, nitatangulia. Yakobo anakataa kwa adabu: watoto ni wadogo, kondoo na ng'ombe wananyonyesha, wakikimbizwa siku moja tu kundi lote litakufa. Tangulia wewe, bwana wangu, mimi nitakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto.

Najua, Yakobo hakuenda Seiri kwa Esau alivyoahidi, aligeukia Sukothi. Hila zake hazikuisha usiku mmoja pale Penieli, aliposhindana mweleka na Mungu akateguka nyonga, wala simpambi. Lakini neno lake kuhusu watoto lilikuwa kweli, na mwanamume yule aliyekuwa akichechemea alikuwa amejifunza kutazama nyuma. Miaka yote nikihubiri sura hii nimejiweka upande wa Yakobo. Ndani ya lile hema nilijikuta mimi ndiye Esau.

Asubuhi ya Jumapili kulikucha kweupe. Koitobos ilionekana wazi, umbo lake kama meza, na baadhi ya vijana wakanitazama machoni. Tukaimba palepale kambini, tukasoma Zaburi 121, tukafunga hema zikiwa bado na maji. Kiongozi akamweka yule kijana mbele, sisi wote nyuma yake. Alikuwa akisimama kila baada ya hatua chache kuvuta suruali ya kuazima, nasi tukisimama.

Nikiwa nyuma kule niliikumbuka kamati yetu ya ujenzi. Mwezi uliopita tulipanga kiwango kimoja cha mchango kwa kila nyumba, na mimi ndiye niliyesema wenye imani watafika. Karani akawa anasoma orodha kila Jumapili akianzia waliomaliza, tunapiga makofi, na tukifika katikati muda umekwisha. Kuna nyumba tatu hazijaonekana kanisani tangu hapo. Nilidhani wamesafiri.

Jumatano jioni nilienda kwa mmoja wao, mama mjane, nikiwa bado nachechemea. Akanikaribisha uji, akacheka miguu yangu, hakuutaja mchango hata kidogo. Kamati inakaa Jumamosi hii saa tisa. Nimemwomba karani aanze kusoma orodha kutoka chini, na asiisomee kanisani.