Heerlen, mji wa makaa ya mawe

Jana nilishuka kwenye treni Heerlen, kusini kabisa mwa Uholanzi. Ile mifereji ya kwenye kadi za posta haipo huku. Kuna zege, maduka yaliyofungwa, na mvua. Nusu saa ya kwanza nilinyong'onyea, nisiseme uongo.

Kisha nikaanza kuona michoro mikubwa iliyofunika kuta nzima za majengo, nikapunguza mwendo. Mgodi wa mwisho hapa ulifungwa 1974. Mashimo yakajaa maji, ardhi ikayapasha, na leo maji hayo yanatia joto nyumba na ofisi. Nilisimama nikiwawaza wachimbaji wale, na wajukuu wao wanaoota joto la mashimo yaleyale.

Kesho narudi kuona jengo la mgodi wa Oranje-Nassau lililobaki.