Mashuka ya Kakuma kwenye bajeti yetu ya Desemba

Kila Desemba hapa Nakuru tulikuwa tukifunga nguo zilizowabana watoto na kuzipeleka kanisani, "za wakimbizi". Mwaka 2025, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilipopunguza mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, nilimuuliza jirani yetu, mama wa Sudan Kusini, dada yake aliye kule kambini anahitaji nini. Akanijibu, "Nguo tunazo, mama. Uzi ndio hatuna."

Uzi wa milaya. Haya ni mashuka wanayotarizi akina mama wa kwao: maua na ndege huchorwa kwa kalamu kwenye kitambaa, kisha hujazwa uzi kwa mkono, na ukingoni hupita krosheti. Alilonionyesha lilikuwa na tausi wawili. Nililigeuza nitafute mafundo upande wa nyuma, nikahangaika kuyaona. Na kwa jinsi sisi tunavyopenda vitambaa vya makochi, wateja wapo.

Mimi na mzee tulikubaliana pesa za zawadi za sikukuu ziende kununua mashuka hayo, kisha nikalipeleka jambo chamani. Hapo ndipo palikuwa na kazi! Wenzangu walianza kuvuta bei kama wako sokoni. Nikawaambia toeni gharama ya kitambaa na uzi, kinachobaki kigawanyeni kwa siku alizoshona, halafu mniambie nani hapa atafua nguo za mtu kwa pesa hizo. Kimya. Mmoja akaagiza mawili.

Tunatuma nusu kwanza, maana bila hiyo hakuna uzi, na nusu ya pili mzigo ukifika. M-Pesa nayo ina mambo yake: jina linalotokea si la mshonaji. Kitambulisho cha mkimbizi kinaweza kukawia sana, kwa hiyo laini aliyo nayo imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Piga simu kwanza, uliza jina, ndipo ubonyeze. Mzigo huja kwa basi kupitia Lodwar na Kitale, na gharama ya kusafirisha ni juu yetu. Anayetaka njia rasmi zaidi atafute MADE51, mpango wa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, ulioanza 2018 kuunganisha mafundi wakimbizi na wanunuzi.

Watoto wana mkebe wao wa sarafu, hununua sodo za wasichana wa kule. Wazo la binti yangu hilo; mimi nisingethubutu kuuliza. Nguo bado tunatoa, ila zilizofuliwa na zenye vifungo vyote. Suruali isiyo na zipu ni tambara la kudekia, isiitwe sadaka.

Oda iliyopo sasa ni ya vitambaa vya makochi, rangi ya maruni. Mama mkwe anataka jogoo badala ya tausi. Mshonaji amemjibu kwamba jogoo anakula uzi zaidi, aongeze pesa.