"Leta maelezo": nilivyoomba masta Mwanza nikiwa Mbarara

Simu ya kwanza niliyopiga ofisi ya udahili ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, Mwanza, niliiharibu mwenyewe. Dada aliyepokea alinikaribisha, akaniuliza habari za asubuhi, akataka kujua anisaidie nini. Mimi hata salamu sikuijibu. Nikamwambia, "Leta maelezo ya masta ya mawasiliano."

Kimya. Kisha, kwa upole: "Dada, unapiga kutoka wapi?"

Nikasema Mbarara, Uganda. Akacheka sana, akanipa maelezo yote.

Nilizaliwa katika kambi ya jeshi ya Makenke, hapa hapa Mbarara. Baba yangu ni Mu-Aringa wa Yumbe, kaskazini-magharibi mwa Uganda, alistaafu akiwa sajini. Watoto wa Kiacholi, Kiteso, Kilugbara na Kinyankole tulikulia uwanja mmoja, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya mpira, ya ugomvi na ya foleni ya maji. Ni Kiswahili cha amri: leta, weka, toka, kaa chini. "Naomba" niliisikia redioni. Ukikizungumza mjini, watu wanakuangalia kana kwamba umeficha bunduki. Marekebisho ya katiba ya 2005 yamekiita lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likakipitisha tena. Sokoni habari hizo hazijafika.

Ndicho kilichonipa kazi lakini. Natangaza redioni kipindi cha jioni cha Kiswahili, na wasikilizaji wangu wengi ni Wakongo walioko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Baada ya miaka sita ya kushika kipaza sauti nilitaka kusoma zaidi.

Kwa nini Mwanza, wakati Nkozi iko njiani? Kweli, Chuo Kikuu cha Mashahidi wa Uganda kiko pale tangu 1993, na kila nikienda Kampala basi letu linapita Kayabwe, watalii wakipiga picha kwenye mstari wa Ikweta. Ila nilitaka kukaa darasani na watu wanaotangaza kwa Kiswahili kila siku. Chuo cha Mwanza kilichipuka kutoka kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi kilichoanzishwa 1960, kikawa chuo kikuu 1998, na uandishi wa habari ndio uliokipa jina. Usidhani tu utafundishwa kwa Kiswahili. Vyuo vikuu vya Tanzania vinafundisha kwa Kiingereza, na mimi niligundua hilo nikiwa nimeshajisifu kwa ndugu.

Baba alikuwa na swali lake. "Mama, sisi ni Waislamu. Hao mapadre watakuchukua?" Sikujua la kumjibu, nikaenda kumuuliza padre wa parokia jirani, ambaye huja studio mara kwa mara kutoa matangazo. Alinitazama kama nimeuliza kama mvua hunyeshea Wakatoliki peke yao. Halafu akanipa kitu cha kusoma: hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, kuhusu mawasiliano ya jamii, ya tarehe 4 Desemba 1963. Ni fupi. Nilichotoka nacho ni kwamba Kanisa linahesabu habari kuwa haki ya watu, na kwamba anayeitoa anabeba wajibu. Swali la dini likaniisha hapo, ingawa Baba alichukua wiki mbili zaidi.

Sasa makaratasi. Hapa ndipo wengi huchoka.

Cheti changu cha kidato cha nne kinasema Zainab. Cha kidato cha sita kinasema Zainabu. Kitambulisho cha taifa: Zaynab. Mtu mmoja, herufi zimetawanyika. Nilikwenda kwa wakili, nikala kiapo kwamba watu hao watatu ni mimi, kikapigwa muhuri. Fanya hilo kabla ya lolote lingine, maana kila ofisi itakayofuata itaangalia jina kwanza.

Transkripti, yaani orodha ya alama zangu za chuo, ilinichukua miezi miwili. Chuo nilichosoma shahada ya kwanza, ambacho sitakitaja, kilinizuia kwa sababu ya kitabu cha maktaba ambacho nilikuwa nimekirudisha. Nilisafiri mara tatu. Mara ya tatu mfanyakazi wa maktaba akaenda rafuni, akakikuta kimekaa mahali pake, kina vumbi. Hakuomba radhi. Nami sikudai, nilitaka sahihi yake tu.

Halafu alama. Uganda na Tanzania zote zinahesabu wastani wa alama hadi 5, hakuna cha kubadilisha, lakini mipaka inapishana kidogo. Kwetu daraja la pili la juu linaanzia 3.60, kwao 3.5. Mimi nina 3.57. Yaani kwa kuvuka mpaka pale Mutukula tu ningepanda daraja! Nilifurahi siku nzima, hadi mwenzangu wa studio akanikumbusha kwamba cheti kimeshaandikwa "la chini", na forodhani hawafuti. Shahada ya nje inapaswa pia kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania, TCU, kwa hiyo nilianza ombi hilo mapema, sambamba na fomu ya chuo. Ukisubiri moja iishe ndipo uanze nyingine, utapishana na muhula.

Wadhamini wa kuniandikia barua nilichagua wawili: meneja wa kituo chetu na mhadhiri aliyenisimamia mwaka wa mwisho. Meneja aliandika siku hiyo hiyo. Mhadhiri alisema hataandika neno mpaka aone ninataka kutafiti nini.

Nikampelekea kurasa tatu kuhusu vijana na mitandao ya kijamii. Alinipigia jioni.

"Hii nimeisoma mwaka huu mara kumi na moja," akasema. "Wewe hukai na vijana wa mitandao. Unakaa na nani?"

"Na wasikilizaji, Dokta."

"Basi niambie siku moja wasikilizaji walikushinda."

Nilimweleza habari ya mzee wa Rubondo, sehemu mojawapo ya kambi ya Nakivale. Alipiga simu kipindini, analalamika kuhusu barabara, akasema, "Mama, shida yetu ni leta." Nikamuuliza hewani, "Nilete nini, mzee?" Akarudia: leta, leta. Nami nikazidi kuuliza anataka aletewe nini, mpaka muda wa simu ukaisha na fundi mitambo akaweka muziki. Kesho yake mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge karibu na studio akanieleza huku akijifuta machozi ya kicheko. Kwao "leta" ni serikali, kutoka Kifaransa. Mzee alikuwa anasema shida yao ni serikali, na mimi mtangazaji nikamfanya mbele ya kambi nzima aonekane ombaomba.

Dokta alinyamaza kidogo. "Andika hiyo," akasema.

Niliandika upya kwa usiku nne. Taarifa za redio yetu zinasomwa kwa Kiswahili sanifu, mtangazaji anaongea cha kambini Makenke, msikilizaji anaongea cha Bukavu, Kongo, na wote tunaamini tunaongea lugha moja. Je, tangazo la chanjo au la mgao wa chakula likitoka studio, linafika Rubondo likiwa na maana ipi? Safari hii sikuhitaji kutafuta mifano. Daftari langu la simu za wasikilizaji lilikuwa limejaa. Barua ya Dokta ilikuja baada ya siku mbili, na aliitaja habari ya mzee ndani yake.

Fomu yenyewe ya mtandaoni ni kazi ya alasiri moja, umeme ukikubali. Skani kila kitu kabla ya kuifungua. Ada ya maombi nililipiwa na rafiki aliyeko Bukoba kwa simu yake, nikamrudishia.

Barua ya kukubaliwa iliingia kwenye barua pepe nikiwa hewani, nikaiona wakati wa tangazo la sabuni. Nilimpelekea Baba jioni. Aliisoma amesimama wima, kama anasomewa amri ya uhamisho, akauliza ina muhuri wa nani.

Kesho yake nikapiga Mwanza kuthibitisha. Nilikuwa nimejiandaa, nimeandika kabisa kwenye karatasi. "Shikamoo. Samahani kwa usumbufu, naomba kuuliza kuhusu uthibitisho wa nafasi yangu, tafadhali."

"Marahaba, ingawa nadhani mimi ni mdogo kwako," ikajibu sauti ninayoifahamu. Akasita. "Ngoja. Si wewe dada wa 'leta maelezo'?"

Nikakiri.

"Haya," akasema, "sasa leta ada."