Mto Ulioipa Bahari Yetu Jina

Bahari inayopiga majabali chini ya Fort Jesus ina jina la mto, na mto wenyewe uko mbali na kwetu. Unaanzia Tibet, upande wa mlima Kailash, unapita Ladakh na Kashmir, unaishukia Pakistan yote kutoka kaskazini hadi kusini, na baada ya kilomita kama 3,180 unamwaga maji yake mashariki ya Karachi. Ramani za shule zinauandika Indus. Tukisema Bahari ya Hindi, tukimwita jirani Mhindi, tukinunua mahindi ya kuchoma pale Mama Ngina, ni mto huo tunautaja, na wengi wetu hatuna habari.

Mimi ni mtu wa injini kwenye meli za mizigo tangu ujana, na Karachi nimeiona mara nyingi kuliko Nairobi. Jina la mto huu limenishika kwa miaka. Nimeuliza watu bandarini, nimesoma nikitoka zamu, na nataka kuliandika jinsi nilivyolielewa, kwa sababu linatuhusu sana sisi watu wa pwani.

Jina la asili ni Sindhu. Limo katika Rigveda, mashairi matakatifu ya Kisanskriti yenye umri wa zaidi ya miaka 3,000, na maana yake ni mto mkubwa, mafuriko, hata bahari. Lilitoka wapi kabla ya hapo, wataalamu wanabishana. Wapo wanaolirudisha kwenye mzizi wa kuzuia, yaani mto kama mpaka. Wapo wanaodhani limerithiwa kwa wenyeji waliotangulia, wale waliojenga mji wa kale wa Mohenjo-daro jirani na mto huo huo na kuacha maandishi ambayo hadi leo hakuna aliyeweza kuyasoma. Mimi naelekea kwenye maana nyepesi kuliko zote: mto, basi. Hata leo ukimsikiliza mzee wa Sindh, jimbo la kusini mwa Pakistan, akizungumza na wanawe, mara nyingi hautaji kwa jina lolote. Husema Darya, yaani mto, na neno hilo hilo kwa Kiajemi ni bahari.

Majirani wa upande wa magharibi, Waajemi wa kale, walikuwa na lugha ya ukoo mmoja na Kisanskriti, ila pale penye s wao mara nyingi walitamka h. Saba kwa Kisanskriti ni sapta, kwa Kiajemi ni haft. Nchi ya mito saba, ambayo Rigveda inaiita Sapta Sindhavah, kwenye Avesta, kitabu cha dini ya Zoroaster, ni Hapta Hendu. Ukiziweka tamko mbili hizo pamoja unaona jambo zima. Mswahili haoni ajabu: mimi wa Mvita nasema mato na nti, wa Unguja anasema macho na nchi, na tunaelewana vizuri. Basi Sindhu ikawa Hindu, na mfalme Dario, katika karne ya 6 kabla ya Kristo, alipoorodhesha nchi zake juu ya mawe aliiandika Hindush. Alimtuma pia nahodha mmoja, Scylax wa Caryanda, ateremke na mto huo hadi baharini auchunguze. Habari hiyo tumeipata kwa Herodoto.

Wagiriki waliokaa karibu na Waajemi walikuwa wa Ionia, na Waionia hawakuitamka h ya mwanzo wa neno. Hindu ikawa Indos, Warumi wakaandika Indus, na kutoka hapo India. Waebrania nao walilipata kwa Waajemi, wakaiangusha n: mwanzoni mwa kitabu cha Esta, penye Bara Hindi katika Biblia ya Kiswahili, Kiebrania kinasema Hodu. Wachina walikuwa na namna kadhaa za kulitamka hadi mtawa Xuanzang, karne ya 7, alipochagua Yindu, na ndivyo wanavyoiita India mpaka leo.

Lakini yupo mtu mmoja wa kale ninayemthamini kuliko hao wote. Jina lake halijulikani. Alikuwa mfanyabiashara wa Misri aliyeandika Kigiriki, karne ya 1, akaacha mwongozo wa safari za baharini unaoitwa Periplus ya Bahari ya Eritrea. Ndani ya mwongozo huo tumo sisi: pwani ya Azania, kisiwa cha Menouthias, soko la Rhapta, na vyombo vilivyoshonwa kwa kamba, babu zao mitepe. Halafu, kurasa chache mbele, anafika kwenye midomo ya mto ule. Anasema ndio mkubwa kuliko mito yote inayoingia katika bahari hiyo, una midomo saba, ni wa kati peke yake unaopitika, mingine ni kina kifupi na matope. Anamwambia nahodha kwamba atajua amekaribia akiona nyoka wakimjia kutoka kilindini. Nyoka hao wa baharini bado wapo, tumewaona tukiwa deki. Na jina la mto hakuliandika Indos kama wasomi wa nchi yake. Aliandika Sinthos, kwa s. Nina hakika aliandika alivyotajiwa na watu wa mdomoni, kama afanyavyo baharia yeyote mwenye akili, kwa sababu ukifika mahali ukauliza njia kwa jina la vitabuni utapotea.

Miaka mia tatu na ushei kabla yake, Aleksanda alishuka na mto huo na jeshi zima, mwaka 325 kabla ya Kristo. Watu wake walikuwa wa Mediterania, ambako bahari haipwi wala haijai kiasi cha kuonekana. Maji yakapwa, merikebu zikabaki juu ya tope, wakaingiwa na hofu. Kisha yakajaa kwa kasi, zikagongana. Mtoto wa Kipini angewaeleza habari ya bamvua bila taabu.

Waarabu ndio waliotuletea jina sisi, na wao walikuwa nalo mara mbili. Jeshi la jemadari wao Muhammad bin Qasim lilipoiteka bandari ya Debal mwanzoni mwa karne ya 8, nchi ya mtoni waliiita Sind, kwa tamko la wenyeji. Nchi ya mbele zaidi waliiita Hind, kwa tamko la Waajemi. Neno moja likawa nchi mbili! Sisi tukachukua Hindi, ndiyo maana h yetu bado ipo ilhali Wazungu wameipoteza. Ukwaju wetu Waarabu waliuita tamr hindi, tende ya Hindi, Wazungu wakaubeba hivyo hivyo, tamarind. Wagiriki waliiita rangi ya nili indikon, ndiyo indigo ya leo. Ilipakiwa hapo hapo mdomoni mwa mto, Periplus inasema.

Sasa mahindi. Nafaka hii si ya India. Ni ya Marekani, ilivuka Atlantiki baada ya Columbus, na kwetu ilifika zama za Wareno. Karibu kila taifa lililoipokea liliibandika jina la mtu mwingine: Mturuki anaiita mısır, yaani Misri; Mmisri anaiita nafaka ya Sham; Mtaliano anaiita nafaka ya Kituruki; kule Malawi ni chimanga, kitu cha watu wa pwani, cha Manga. Sisi tulisema ni ya Kihindi. Kwa hiyo kila asubuhi ya uji na kila jioni ya sima tunautaja mto wa Sindh. Na wale waliolilima zao hili kwanza, wenyeji wa Marekani, nao walibandikwa jina la mto huo huo, kwa kuwa Columbus mwaka 1492 alidhani amefika India, akawaita Indios. Jina limezunguka dunia kwa mashariki na kwa magharibi, na pande zote mbili zikakutana kwenye gunzi la hindi.

Ufukweni Clifton, Karachi, wanayachoma vile vile kama kwetu: mkaa kwenye karai, kipepeo, kisha nusu ya ndimu iliyochovywa kwenye chumvi na pilipili inasuguliwa juu ya punje zikiwa bado za moto. Nilimuuliza muuzaji anaitaje. Bhutta, akasema. Yakiwa hayajachomwa ni makai, na hapo nikaikumbuka makai paka ya Mombasa, ile ya tui la nazi, ambayo naila tangu utotoni. Neno mahindi nilipomtajia halikumwambia kitu.

Aliyenipeleka mtoni ni mwenzangu wa chumba cha injini, mtu wa wilaya ya Thatta. Meli ilikuwa inangoja kipuri, ilikuwa Januari, tukapanda basi kutoka Karachi. Nilitarajia maji mengi. Kwenye daraja la Thatta kwenda Sujawal tukashuka, na chini yetu palikuwa na mchanga mweupe upana wa kutisha, nyati wa maziwa wakivuka kwa miguu, na mkondo mmoja wa maji ya rangi ya chai ya maziwa umejibana upande mmoja. Juu, karibu na Hyderabad, kuna lambo la Kotri, lililomalizika mwaka 1955. Yakishatolewa maji ya mifereji ya mashamba hapo na kwenye malambo ya nyuma yake, miezi mingi ya mwaka hakibaki cha kufika baharini. Bahari imeingia ndani, mashamba yameota chumvi, na wavuvi wa Keti Bandar wamehama vijiji kwa vijiji. Bandar hiyo ni bandari yetu hii hii, neno la Kiajemi lililotufikia sote.

Baba yake mwenzangu, niliyefundishwa kumwita chacha, yaani baba mdogo, alikuja kusimama nasi. Yeye aliuita mto Darya Shah, mfalme wa mito. Akanieleza juu ya palla, samaki anayetoka baharini kupanda mto kwenda kutaga, mwenye miiba mingi kiasi kwamba mama huichambua kwa vidole kabla ya kumpa mtoto. Zamani alipanda hadi mji wa Sukkur na zaidi. Mabaniani wa Sindh wana Jhulelal, mlinzi wa mto, ambaye picha zake humwonyesha amekaa juu ya palla huyo. Waislamu wanasema ni Khidhri, yule aliyesafiri na Nabii Musa, na karibu na Sukkur, kisiwani katikati ya maji, lipo ziara lake ambalo kwa muda mrefu lilizuriwa na watu wa dini zote mbili. Chacha alisema Khidhri bila kueleza ni nani, akijua mimi namjua, na kweli nilimjua tangu chuoni.

Huko juu mto una majina mengine. Wapashtuni wanauita Abasin, baba wa mito. Watibeti wanasema Sengge Khabab, utokao kinywani mwa simba. Hayo sikuyasikia kwa watu, nimeyasoma, na siku moja ningependa kuyasikia.

Mwenzangu huyo ukimwita Mhindi anakataa kwa nguvu: yeye Msindhi, Mpakistani. Mtu aliyeoga mtoni akiwa mtoto halitaki jina la mto lililopita kwa Waajemi. Kwetu Mombasa tunawaita Wahindi watu wa Kachi, Gujarat, Punjab na Goa, wengi wao mababu zao hawakuuona. Mwaka 1947 nchi ilipokatwa, mto karibu wote ulibaki Pakistan, na jina la mto likabaki India. Jinnah, mwanzilishi wa Pakistan, hakulifurahia jambo hilo, naye alikuwa mzaliwa wa Karachi.

Kinachoniuma ni kwamba jina la nchi ya majirani zake tunalo midomoni kila siku, na Sindh yenyewe hatuijui, wakati damu yetu iko kule. Sindh ina Washeedi, watu wa asili ya Afrika, wengi mababu zao walivushwa kutoka pwani hii kama watumwa. Ngoma yao kubwa wanaiita mugarman. Mashariki zaidi, Gujarat, ndugu zao wanauita mchezo wao goma, na hapo Mswahili hahitaji mkalimani. Jenerali Hosh Muhammad, maarufu kama Hoshu Sheedi, alikufa tarehe 24 Machi 1843 vitani Dubba karibu na Hyderabad, akipigana na Waingereza wa Charles Napier. Kauli yake Wasindhi wanaisema hadi leo kwenye maandamano: tutakufa, tutakufa, Sindh hatuitoi. Na mwaka 2018 Tanzeela Qambrani, ambaye ukoo wake unajieleza kuwa ulitoka Tanzania, aliingia Bunge la Jimbo la Sindh, mwanamke wa kwanza wa Kisheedi kuketi humo.

Kwa hiyo nina pendekezo kwa wanaoandika vitabu vya jiografia vya Kiswahili. Indus imetufikia kwa njia ya Roma na London. Sisi tulikuwa na njia fupi, ya jahazi, ya watu waliokwenda na kusi na kurudi na kaskazi, na s ya wenyeji tunaitamka bila shida. Tuandike Mto Sindi. Lakini kabla ya kutunga nataka kujua kama wazee hawakuwa tayari na jina lao. Ukiwa na babu au mjomba wa Lamu, Mombasa au Unguja aliyewahi kupanda jahazi la Karachi, muulize mto ule waliuitaje walipoona maji ya bahari yamebadilika rangi, kisha niandikie alivyotamka, herufi kwa herufi.