Shangazi yuko juu ya mawe

Shangazi ni Land Rover Series III ya mwaka 1978, ile ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, injini ya dizeli ya silinda nne. Jina alipewa na vijana ninaofanya nao kazi, kwa ajili ya makelele yake na kwa kuwa hapendi kuharakishwa: ukimlazimisha gia ya pili asubuhi kabla hajapata joto, atakufokea mpaka majirani wasikie. Tangu mvua zilizopita yuko juu ya mawe. (Nasema mawe kwa mazoea ya mdomo tu. Yuko juu ya stendi nne za chuma, na wewe unayeingia uvunguni mwa gari lililoshikwa na tofali au jeki peke yake, tafadhali acha.)

Mimi ni mpima ardhi. Gari hili ndilo lililonibebea vigingi, saruji ya bikoni za mipaka, mashine ya kupimia iliyoviringishwa blanketi, na vijana wanne nyuma wakiwa wamekaa wakitazamana kwenye mabenchi. Limenipitisha sehemu ambazo magari mapya yalifika, yakatazama, yakageuza. Kwa hiyo msitegemee nitahukumu bila upendeleo.

Mume wangu yeye hana upendeleo hata chembe. Hesabu yake ni fupi: matengenezo yakizidi thamani ya gari, hilo ni skrepa. Ni kanuni nzuri kwa gari ambalo ukiliuza leo, kesho unapata jingine la aina yake lenye hali nzuri zaidi. Kwa Shangazi sikuikubali, maana bei ya gari bovu haikuambii lolote kuhusu gharama ya kupata gari jingine la kufanya kazi yake. Niliona haki ni kupima gharama za kumtengeneza dhidi ya bei ya gari litakaloshika nafasi yake, lenye uwezo uleule porini. Ukipiga hesabu hivyo, kidogo mambo yanabadilika. Basi akaniuliza swali la pili, na hilo ndilo lililoniuma: "Nafasi gani hiyo? Kazini si unapanda pikapu ya ofisi?"

Ni kweli. Kazi zilizobaki kwa Shangazi ni zile za binafsi ninazofanya mwisho wa wiki, na miezi ya mvua ambapo njia ya kwenda shamba inageuka tope tupu. Si kazi nyingi. Lakini ni kazi ambazo hakuna gari jingine pale nyumbani linaloziweza, na hilo nalo nililiweka kwenye mizani.

Watu wengi wakitaka kujua kama gari la zamani linafaa kuhangaikiwa huanzia kwenye injini, kwa sababu ndiyo inayotoa moshi na kelele. Kwa gari kama hili injini ndiyo ya kuangalia mwisho. Ni injini ya cc 2286 ambayo ilipokuwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi 62 hivi, na sidhani kama kuna injini inayosamehe ufundi wa wastani kuliko hii. Spana za kawaida zinaifungua yote, hakuna kompyuta, na spea zake bado zinatengenezwa. Fundi wangu alipima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kugandamiza hewa: silinda tatu ziko sawa, ya nne imeshuka. Akiwashwa asubuhi anatoa moshi wa bluu kwa muda, halafu anatulia. "Anakula oili, mama," fundi akasema, "lakini huyu hajafa. Tatizo lako haliko huku juu. Njoo chini."

Huko chini ndiko gari hili linakohukumiwa, na kwa bahati mbaya ndiko ambako mnunuzi haangalii. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Wakati ule, baada ya vita, chuma Uingereza kilikuwa kinatolewa kwa mgao, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Mpaka gari langu linatoka kiwandani miaka 30 baadaye, bodi ilikuwa bado aluminiamu na chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari zima, bado ni chuma. Matokeo yake unaweza kukuta gari ambalo milango yake na madigadi yake yanang'aa, huku mifupa iliyobeba vyote hivyo imeoza. Hata aluminiamu yenyewe haiponi: pale inapogusana na chuma na unyevu ukawepo katikati, inaliwa taratibu na kuacha unga mweupe. Ukiuona unga huo kwenye kingo za bati, jua maji yameshafanya makazi.

Chesisi yenyewe ni boksi. Ni bati nne ndefu zilizochomelewa pembeni zikafanya mrija wa mraba, na ndani ni tupu. Tope likiingia kupitia matundu ya kutolea maji linakaa humo, linashika unyevu, na kutu inaanza kazi kutokea ndani kuja nje. Rangi ya nje inaweza kuwa nzima kabisa siku bati inapobaki na unene wa karatasi.

Fundi alinipa nyundo ndogo, akashika bisibisi, tukaingia chini. Unapiga taratibu, kila baada ya kiganja kimoja, na unasikiliza. Chuma kizima kinajibu kwa mlio mkali unaokatika haraka. Kilichooza kinatoa sauti ya kudumaa, na mchanga wa kutu unasikika ukimwagika ndani. Mhimili wa nyuma, ule wa kufungia tela, niliutarajia uwe umeoza na ulikuwa umeoza. Mikono inayotoka pembeni kushika bodi, miwili ilipitisha bisibisi mpaka kwenye mpini. Hayo yote yanatibika. Mhimili wa nyuma na mikono hiyo huuzwa vikiwa tayari kuchomelewa. Tulipofika mbele, mahali springi ya kulia inaposhikwa, fundi akagonga mara moja tu, akaacha. Akanisogezea taa. Bati ilikuwa imeachia kwenye mshono, na ukiisukuma kwa kidole gumba ilikuwa inaingia ndani na kurudi. Sentimita chache kutoka hapo ndipo kilipo kile kiungo cha usukani kinachopita wima ndani ya mhimili wa mbele.

Kuna kiraka na kiraka. Ukiwa na tundu kwenye mkono wa pembeni, kata mpaka ufikie chuma safi, chomelea bati mpya, paka rangi, endelea na maisha. Kinachoniudhi ni hii tabia ya kubandika bati juu ya kutu, kupaka lami nyeusi juu yake na kumwambia mwenye gari kwamba imekwisha. Imefichwa, haijakwisha. Na ukitaka kukata mpaka chuma safi pale mbele kwa Shangazi, unajikuta umeondoa sehemu yote inayoshika springi, na hakuna tena cha kupimia kama ekseli imekaa mahali pake. Mimi kazi yangu ni vipimo. Ekseli iliyokaa kwa kukadiria sitaiendesha, wala sitamuuzia mtu.

Kwa hiyo yakabaki mawili: chesisi mpya nzima, au skrepa.

Nataka niitendee haki skrepa, kwa sababu watu wanaopenda magari ya zamani huizungumzia kama dhambi. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja, akazunguka gari, akataja bei ya kilo kwa gari zima. Hiyo nilikataa papo hapo, si kwa uchungu, ila kwa kuwa aluminiamu na chuma haviwekwi kwenye mzani mmoja. Kuyeyusha aluminiamu iliyokwishatumika kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitengeneza upya kutoka kwenye madini, ndiyo maana ina soko lake. Anayetaka kukata gari avitenganishe kwanza, amwage oili na maji ya breki kwenye chombo, atoe betri. Halafu kuna njia ya katikati, ambayo karibu niichague: kumuua kwa spea. Giaboksi yake ni nzima. Difu zote mbili ni nzima. Milango haina hata kovu. Kuna magari mengine ya umri wake yangeweza kutembea miaka mingi kwa viungo hivyo, na sioni aibu yoyote katika mwisho huo.

Kilichonifanya nisite ni ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva. Huo ndio unaoshika milango, kioo cha mbele, pedali na usukani, na ukioza nguzo zake za milango, chesisi mpya inakuwa kama kumvisha maiti viatu vipya. Kwa Shangazi, sakafu ya miguuni upande wa dereva ina matundu, ambayo ni kawaida na yanazibika. Nguzo za milango zilijibu nyundo vizuri. Fundi akazipiga tena, nami nikazipiga, kijana wake naye akazipiga.

Mwanangu akauliza, ukibadilisha chesisi bado ni gari lilelile? Mamlaka ya usajili nayo itauliza, tena kwa ukali zaidi yake. Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, mbele upande wa kulia, jirani na hapo palipooza. Ukiitupa chesisi ya zamani bila kwanza kuulizia utaratibu unaotakiwa, unaweza kumaliza kazi yote ukabaki na gari lisilo na utambulisho. Niliulizia kabla sijatoa hata senti, nikapewa barua, nikaipiga picha na nakala nikaiweka kwenye faili la gari. Mwanangu nilimjibu kwamba injini ilishabadilishwa zamani kabla hajazaliwa na hakuna aliyemlilia Shangazi.

Chesisi niliyoagiza ni ile iliyochovywa kwenye zinki. Wanaitumbukiza nzima kwenye zinki iliyoyeyuka, yenye joto la nyuzi 450 hivi, na zinki inaingia mpaka ndani ya boksi, kule ambako brashi haifiki. Inagharimu zaidi ya ile ya rangi. Lakini ugonjwa wa gari hili umetokea ndani, na sina nia ya kulala tena chini na nyundo nikiwa na miaka sabini. Angalizo kwa mafundi: zinki ikichomelewa inatoa moshi wenye sumu, kwa hiyo vibano vyovyote vya ziada viamuliwe na kuwekwa kabla ya kuchovya.

Injini haiguswi. Silinda ya nne itaendelea kunung'unika mpaka itakapokataa kabisa, na siku hiyo tutafungua. Rangi haipakwi. Hili limezua ubishi, maana fundi anasema ni aibu kuweka bodi iliyochubuka juu ya chesisi mpya. Pesa ya rangi nimeihamishia kwenye breki, ambazo ni za ngoma magurudumu yote manne na zinahitaji kila kitu kipya, na kwenye mikanda ya viti vya mbele. Gari hili halina mfuko wa hewa wala kitu chochote cha kukulinda ukigongwa ubavuni. Kwa hiyo mabenchi ya nyuma yametoka na hayarudi. Shangazi atabeba mizigo na watu watatu mbele, basi, na barabara kuu hataiona isipokuwa kuivuka. Mume wangu aliposikia hayo ndipo alipolegea kidogo. Kumbe siku zote hofu yake ilikuwa watoto kukaa nyuma, si pesa.

Nimejiwekea mpaka pia. Magari ya aina hii mengi hayafi kwa kukosa spea. Yanafia nusu ya kazi, bodi imeegemezwa ukutani, nati zimechanganywa kwenye makopo, nyaya hazina alama, mwenye gari kahama. Kwa hiyo kila bolti inaingia kwenye mfuko wenye maandishi, kila waya una kipande cha tepu chenye namba, na picha zinapigwa kabla ya kufungua. Bodi ikishanyanyuliwa, ule ukuta wa mbele ukionesha uozo tusioweza kuuona sasa, kazi inasimama siku hiyohiyo na Shangazi anauzwa kwa spea. Fundi amekubali sharti hilo, na nimemwandikia, ingawa alicheka.

Wiki hii tumeanza na springi. Mwenye gari la namna hii anajua bolti za springi zilivyo: zimepita ndani ya bushi yenye ganda la chuma, na baada ya miaka mingi ya matope bolti na ganda vimeungana. Nati inazunguka vizuri, unafurahi, kumbe bolti yenyewe haitoki ng'o. Tulimwaga mafuta ya kulainisha kutu na kuyaacha usiku kucha. Tukapiga nyundo. Tukapasha moto mpaka mpira wa bushi ukaanza kunuka na kutoa moshi. Mwishowe fundi akachukua mashine ya kukatia, akazikata kichwa na mkia, cheche zikaruka mpaka kwenye ndoo ya maji tuliyoiweka pembeni kwa kazi hiyo.

Mnunuzi wa skrepa amepiga simu tena. Nimemwambia aje na mzani mwezi ujao. Kuna chesisi moja ya kuchukua, ila ile sehemu ya mbele yenye namba nitaikata na kubaki nayo, kama barua ya usajili inavyotaka.