Waya nyuma ya fundi

Kopo nilipolifungua lilinuka siki. Wanaoshika mikanda ya filamu za zamani wanaijua harufu hiyo: asetati, ile plastiki ya mkanda, imeanza kuoza, na ikishaanza haiponi, baridi huichelewesha tu. Ilikuwa filamu ya mafunzo ya kiwanda kimoja, milimita 16, dakika 11 hivi, ya kuwafundisha wafanyakazi wapya kutumia mashine ya kukatia bati.

Msimulizi anasisitiza kwamba kinga ya vidole isiondolewe kamwe. Kamera imemkazia fundi mkuu, glavu mkononi, shati limepigwa pasi. Lakini nyuma yake, kushoto, kuna mwanamke kwenye mashine ya pili. Hana glavu, na kinga ya mashine yake imefungwa juu kwa waya ili isimcheleweshe. Anaonekana sekunde nne. Nilirudisha pale mara nyingi mno. Waya umeshashika grisi na vumbi; haukufungwa siku ile ya kupiga picha.

Ripoti za kampuni za miaka ile nimezisoma, waya haumo. Ndiyo maana naumia nikisikia watafiti wakizipuuza filamu hizi eti ni matangazo. Ni matangazo, sikatai, na aliyelipa ndiye aliyepanga kionekane nini. Ila hakuweza kupanga kila kilichokuwa mbele ya lenzi. Hata filamu mashuhuri ya mwaka 1895 ya ndugu wa familia ya Lumière, waanzilishi wa sinema wa Ufaransa, inaonyesha wafanyakazi wakitoka kwenye kiwanda cha familia hiyo hiyo, mjini Lyon. Ford walianzisha idara yao ya filamu mwaka 1914, na mikanda yao ikaja kukabidhiwa Hifadhi ya Taifa ya Marekani mwaka 1963. Huko kuna kazi ya miaka mingi kwa mtu wa historia ya kazi.

Jambo moja nalisihi: mkanda usitenganishwe na jalada lake la nyaraka. Kodak, watengenezaji wa mikanda ya filamu, walikuwa wakichapa pembezoni mwa filamu alama ndogo za duara, mraba na pembetatu kuonyesha mwaka mkanda wenyewe ulipotengenezwa, lakini alama hizo zilirudiwa kila baada ya miaka 20. Ankara ya maabara ndiyo iliyonionyesha ni mzunguko upi. Na katika jalada hilo hilo kulikuwa na barua ikiagiza sakafu ifagiliwe kabla wapiga picha hawajafika. Sasa najua usafi ule nisiuamini.

Kampuni nyingine niliyoifikia ilikuwa imehama ofisi. Filamu zilizopendeza zilinakiliwa kidijitali, nyingine zikatupwa pamoja na majalada yote. Siku hiyo nilirudi nyumbani sina neno.

Katika orodha ya hifadhi, filamu yangu iliandikwa tu “Mafunzo, mashine, bati”. Nilimwomba mhifadhi aongeze mstari, naye akauandika mbele yangu: “Dakika ya 6, nyuma, kushoto: mwanamke bila glavu, kinga imefungwa juu kwa waya.”